Kutwa Yupo, Hakosi Kuwepo

Mazungumzo na walimu wa Kiingereza na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, Mtwara

Wakuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mliokuja, na ninyi wanangu mliojazana huko nyuma wakati viti vya mbele vitupu: Assalamu alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na kama kuna ambaye sijamgusa, hujambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya ufasaha wa Kiingereza. Mada hiyo haimalizwi kwa kikao cha asubuhi moja, basi nimejichukulia ruhusa ya uzee nikaipunguza mpaka ikabaki na neno moja. Neno lenyewe ni "constantly". Najua wapo wanaoona wamepunjwa. Nivumilieni kidogo, maana neno hili mmelipenda kupita kiasi. Kila anayeniletea barua ya kuomba nafasi ya chuo au ya kazi niipitie, nalikuta humo. Limeingia kwenye barua kwa sababu ni refu, linasikika la kisomi, na kamusi ya mfukoni imesema maana yake ni "daima, kila mara". Kamusi haikusema uongo. Imesema nusu tu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaharibia barua.

Tuanzie nyumbani kwetu. Ukisema, "Bwana yule hakosi msikitini," umemsifu. Ukisema, "Bwana yule kutwa yupo msikitini," mtu ni yule yule na msikiti ni ule ule, lakini anayekusikia ameshaanza kujiuliza watoto wake wanakula nini. Hakuna mwalimu aliyewafundisha tofauti hiyo, mmeipata kwa mama zenu. "Kutwa", "kila siku", "muda wote": maneno haya yana ncha. Unapomwambia mwenzako, "Wewe kila siku unachelewa," hujakaa na kalenda ukahesabu Jumatatu mpaka Jumapili. Unamwambia umechoka naye.

Sasa Kiingereza nacho kina "kutwa" yake na "hakosi" yake. "Constantly", hasa linapokaa na kitenzi chenye -ing, ndiyo "kutwa". "Consistently" ndiyo "hakosi". Hilo ndilo nililokuja kusema leo.

Hebu tazameni sentensi mbili. Mwalimu anamwandikia mwanafunzi wake barua ya utambulisho kwenda chuo cha nje. Ya kwanza: "She constantly asks questions in class." Ya pili: "She consistently asks good questions in class." Mwalimu wa Masasi aliyeandika ile ya kwanza alikusudia sifa. Aliona binti mdadisi, asiyelala darasani. Lakini yule anayeisoma kule London au Chicago anamwona binti asiyempa mwalimu nafasi ya kupumua, mkono juu asubuhi hadi jioni, wenzake wanageuziana macho. Hakuna kosa la sarufi hapo. Kila neno limeandikwa sawasawa, kitenzi kimepatana na mtendaji, ukaguzi wa kompyuta hautaweka hata mstari mwekundu. Na bado binti wa watu ameingizwa kwenye lawama na mtu anayempenda. Ndiyo maana nasema makosa ya namna hii ni mabaya kuliko "he go" na "she go". "He go" inaonekana, inasahihishwa, yanaisha. Hili halionekani. Mwandishi hawezi hata kujua kwa nini hakujibiwa.

Tuongeze la kwetu kabisa. Chama cha msingi kinaandika barua kwa mnunuzi wa korosho, tuseme yupo India au Vietnam, maana huko ndiko korosho zetu ghafi nyingi zinakokwenda. Katibu anaandika: "We constantly supply good cashew nuts." Mnunuzi anaijua biashara. Anajua korosho ya Mtwara na Lindi ina msimu wake, kwamba minada inaanza Oktoba, na kwamba ukimpigia simu mwezi wa Mei utamkuta mkulima anapalilia au anawaza salfa ya kupulizia mikorosho ataipata wapi. Kwa hiyo "constantly" hapo imekuwa uongo: hakuna anayetoa korosho mfululizo mwaka mzima. Weka "consistently" na sentensi inakuwa kweli tupu. Kila msimu ukifika, mzigo unakuja, na ubora ni ule ule: zimekaushwa vizuri, hazina mawe, hazijachanganywa na za mwaka jana. "Consistently" halidai usipumzike. Linadai tu kwamba ukirudi, urudi vile vile.

Waislamu wenzangu mnaikumbuka ile Hadithi ya Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, kwamba amali zinazopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumishwa, hata kama ni chache. Fikirieni maana yake. Mtu anaswali rakaa mbili za usiku, kila usiku, basi. Hizo ni rakaa mbili tu, halafu analala. Huwezi kumsema anaswali "constantly", kwa sababu muda mwingi wa usiku amelala fofofo. Anaswali "consistently". Lakini hapa kuna jambo la ajabu, na mnisikilize vizuri wale wa somo la lugha. Katika tafsiri za Kiingereza za Hadithi hiyo mtakuta ile sifa yenyewe, yaani kivumishi "constant", ikitumika kusifia amali inayodumishwa. Na Mwingereza akikuita "a constant friend" amekupa heshima kubwa: rafiki asiyegeuka. Sifa imebaki na heshima yake. Kielezi kilichozaliwa na sifa hiyo hiyo, kwa kuongezewa -ly tu, kimeteremka kikawa cha kulalamikia. Mama na mtoto, nyumba moja, tabia mbili.

Imekuwaje? Turudi nyuma kidogo, na hapa nitakaa kwa sababu napapenda.

Asili ni Kilatini, kitenzi cha kusimama, "stare", kikitanguliwa na "con". Kitu kilichosimama imara, hakiyumbi. Ndimo lilimotoka jina la mfalme Konstantino, aliyeuzindua mji wa Konstantinopoli mwaka 330, ambao leo ni Istanbul. Na ndimo lilimotoka jina la shangazi zenu wa Ndanda na Nyangao wanaoitwa Konstansia. Kama unaye shangazi wa jina hilo na habadilishi neno lake akishasema, basi mjue padri hakukosea siku ya ubatizo.

Kiingereza cha zamani kilitumia "constantly" kwa maana hiyo ya kusimama imara. Mimi ni Mwislamu wa Mikindani, lakini sikumbuki mwalimu mzuri wa Kiingereza asiyeifahamu Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, maana nusu ya misemo ya lugha hiyo imetoka humo. Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 12. Petro ametoka gerezani kwa muujiza, usiku, anabisha hodi kwenye nyumba ambamo waumini wamekusanyika wanaomba. Anayekwenda kusikiliza mlangoni ni kijakazi anaitwa Roda. Anaitambua sauti. Kwa furaha anasahau hata kufungua, anakimbia ndani: Petro yupo nje! Wanamwambia ana wazimu. Hapo Biblia ile inasema: "But she constantly affirmed that it was even so." Msomaji wa leo akiichukua kwa maana ya leo ataona Roda anarudia maneno kama kasuku. Sivyo alivyokusudia mtafsiri wa 1611. Alikusudia kwamba Roda alishikilia neno lake, hakutetereka, ingawa kundi zima la watu wazima lilikuwa linamwambia amerukwa na akili. Tafsiri za siku hizi zimeliondoa neno hilo na kuweka kwamba aliendelea kusisitiza. Wamefanya vema, kwa sababu neno lilikuwa limeshawahama.

Naongeza la pembeni, kwa wasichana: aliyekuwa sahihi nyumba nzima ni yule mdogo kuliko wote, na alikuwa mtumishi.

Mfano wa pili ni Kaisari wa Shakespeare, mchezo wa mwaka 1599 au karibu na hapo, ambao Mwalimu Nyerere alitutafsiria kwa Kiswahili akiwa Ikulu, mwaka 1963. Kaisari yupo barazani. Watu wanapiga magoti kumwombea mtu aliyefukuzwa nchini asamehewe. Kaisari anakataa, na anajisifu: "I am constant as the northern star." Yeye ni kama nyota ya kaskazini, nyota nyingine zote zinazunguka, ile haiondoki mahali pake. Kwa sisi wa Mtwara majigambo haya yana kasoro. Tupo nyuzi kama 10 kusini ya ikweta, na nyota ile kwetu haichomozi kabisa. Nendeni Shangani usiku, tazameni upande wa Lindi mpaka mchoke, hamtaiona. Tena wanaanga wanatuambia mhimili wa dunia unayumba polepole, mzunguko mmoja unachukua kama miaka 26,000, na zama za Kaisari mwenyewe hapakuwa na nyota ing'aayo iliyokaa pale penye ncha. Kwa hiyo alijifananisha na kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa nacho angani. Na dakika chache baada ya maneno yale, wale waliopiga magoti wakachomoa majambia.

Tangu huko neno likaanza kuteleza. Asiyeyumba hurudia jambo lile lile. Anayerudia jambo lile lile yupo hapo hapo kila ukigeuka. Aliyepo kila ukigeuka anachosha. Sijui mama mkwe gani asiyeielewa safari hiyo.

Sasa wale wa Fizikia, msilale. Ninyi ndio hili neno linawagharimu maksi. Tunajua mfumo wetu: mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, anaingia sekondari na kukuta Fizikia, Kemia na Baiolojia zote zimevaa Kiingereza. Kwa hiyo kosa la lugha linakuwa kosa la sayansi. Mwanafunzi anataka kusema gari limekwenda kwa spidi isiyobadilika. Anaandika: "The car moves constantly." Anaamini amejibu.

Hajajibu. Chukueni bajaji kutoka stendi mpaka Mikindani. Dereva hasimami popote, hachukui abiria njiani. Lakini penye matuta anapunguza, kwenye mteremko anaachia, mbuzi akikatiza anapunguza tena. Je, bajaji hiyo imekwenda "constantly"? Naam, haikusimama hata mara moja. Je, imekwenda "at a constant speed"? Hata kidogo, mshale wa spidi ulikuwa unacheza njia nzima. Chukua bajaji nyingine, ya dereva mwenye tamaa ya abiria. Inasimama kila penye mkono. Ila kila inapoondoka, kati ya kituo na kituo, inashika 40 na haitoki hapo. Hiyo haikwenda "constantly", lakini vipande vyake vimekwenda kwa spidi moja. Na bajaji ya tatu, ambayo kila safari, leo na kesho na wiki ijayo, inasimama pale pale kwa mama wa chapati, hiyo inasimama "consistently".

Kwa hiyo kwenye sayansi achaneni na kielezi, shikeni sifa: "at a constant speed", "at constant temperature", "a constant force". Huku "constant" bado ni neno la ukoo wake, lina maana ya kitu kisichobadilika, na wala halina lawama. Kasi ya mwanga katika ombwe ni mita 299,792,458 kwa sekunde, na tangu mwaka 1983 mita yenyewe inafafanuliwa kwa kuitegemea kasi hiyo. Huo ndio uthabiti ambao Kaisari hakuwa nao.

Na hapa kuna mtego mwingine. Mtasikia Waingereza wakisema "constantly changing". Mtoto mwerevu atauliza: kama "constant" ni kisichobadilika, itakuwaje kitu kibadilike "constantly"? Swali zuri. Jibu ni kwamba kisichokoma ni kule kubadilika. "Cashew prices are constantly changing": bei haitulii, mnada huu hivi, mnada ule vile. Na angalieni kwamba sentensi hiyo haina lawama kwa mtu. Kwa hiyo nisije nikanukuliwa vibaya. "Constantly" si tusi. Mtendaji akiwa bei, bahari, upepo au teknolojia, linakaa kimya tu na kueleza hali. Mtendaji akiwa mtu, na kitenzi kikiwa na -ing, hapo ndipo ncha inapochomoza: "My neighbour is constantly borrowing salt." Huyo jirani ameshasemwa. "My neighbour borrows salt every Friday" ni taarifa tu, pengine Ijumaa ana pilau. Maneno mengine yanayofanya kazi hiyo hiyo na -ing ni "always", "forever" na "continually". "You are always losing your pen!" Mwalimu akisema hivyo ujue amechoka. Ingawa "always" linaweza pia kusemwa kwa tabasamu: "My grandmother is always giving me mangoes." Bibi hakulaumiwa. Sauti ndiyo inayoamua, na kwenye barua hakuna sauti.

Ndugu zake wengine nitawapitia haraka. "Continually" ni jambo linalorudi rudi lenye nafasi katikati. "Continuously" halina hata upenyo. Umeme unaokatika na kurudi jioni nzima unakatika "continually". Gesi ya Mnazi Bay ikiwa ndani ya bomba kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam inatiririka "continuously". Wenye lugha wenyewe wengi hawazingatii tofauti hii, lakini mtahini anaweza kuizingatia, na ninyi mnaandikia mtahini. "Steadily" ni mwendo wa polepole wa upande mmoja: Ruvuma ikijaa masika, maji yanapanda "steadily". "Steadfastly" ndilo lililorithi kiti cha zamani cha "constantly", lile la Roda. Lina harufu ya mimbari. Kwenye barua ya kazi liache.

Mahali pa kuliweka. Kabla ya kitenzi kikuu: "He constantly checks his phone." Baada ya kitenzi kisaidizi: "He is constantly checking." Mwishoni pia linakaa: "The phone rings constantly." Msilibandike kati ya kitenzi na kitendwa, mkasema "He checks constantly his phone". Kiswahili kinaruhusu, "anaangalia kila mara simu yake," hata kama si tamu sana. Kiingereza hakiruhusu.

Mwisho matamshi, na hapa tunabanwa na masikio yetu wenyewe. Kiswahili kinatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Mtwara, Newala, Nachingwea, Nanyumbu: semeni muone. Kwa hiyo tukikutana na neno la kigeni tunalivisha mkazo huo huo, tunasema "con-STANT-ly". Mwenyewe analisema "CON-stant-ly", nguvu yote mwanzoni, kisha linalobaki linapita haraka, na ile "t" ya pili wengi wanaimeza kabisa. "Consistently" nalo mkazo upo kwenye "SIS". Jaribuni pamoja nami. "CON-stantly." Tena. Upande wa kulia sijawasikia. "Con-SIS-tently." Vizuri, ingawa kuna mwalimu mmoja nimemwona anafungua mdomo bila sauti.

Marehemu Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso hapa Masasi, alisoma Kiingereza Makerere akahitimu mwaka 1962. Alikizungumza bila kuomba radhi kwa mtu, na lafudhi ya nyumbani hakuitupa. Hamhitaji kusikika kama watu wa London. Mkazo ukikaa mahali pake, inatosha.

Basi. Kila mwenye barua ya maombi mfukoni aitoe, atafute "constantly", ajiulize kama alikusudia "kutwa" au "hakosi". Wakati mnatafuta nitapokea maswali. Wewe binti wa kule pembeni ya dirisha, umeinua mkono tangu nilipokuwa kwenye bajaji. Uliza.